Mwana Ambaye Bibi Hakumzaa

Bibi yangu alimwoa mama yangu kwa ng'ombe kumi na wawili. Naanza na hilo kwa sababu nusu ya maisha yangu nimelizunguka, na sasa miguu imechoka.

Kwetu, katika vijiji vilivyo kati ya Butiama na Bunda, hakuna anayehitaji kuelezwa. Mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa na msichana huyo ni watoto wa nyumba yake. Inaitwa nyumba ntobhu. Mwanaume wa kuzaa naye hupatikana, huja na kuondoka, na juu ya mtoto hana kauli. Kwa heshima, watu husema msichana ameolewa na mwana wa nyumba hiyo, mwana ambaye hakuwahi kuzaliwa. Ndiyo maana mama alimwita Bibi "Mama", kama anavyoitwa mama mkwe yeyote, na sisi watoto watatu tukamwita Bibi.

Shuleni, kwenye nafasi ya jina la baba, niliandika jina la marehemu mume wa Bibi. Tulipofika darasa la sita, msichana mmoja mwepesi wa hesabu akagundua kwamba baba huyo alifariki miaka kumi na mmoja kabla sijazaliwa. Wakaniita Muujiza mpaka tunamaliza la saba. Nilicheka pamoja nao, halafu nikaenda kulia nyuma ya choo kwa hasira. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nilimkasirikia Bibi kwa kuoa na mama kwa kuolewa, na aliyenizaa nikamkasirikia pia, mzee mpole aliyekuwa akipita kwetu msimu wa kulima na kuniuliza habari za masomo kama anavyomuuliza mtoto wa jirani.

Kanisani ndiko nilikopata pa kupumulia. Nilibatizwa nikiwa mdogo, Bibi akiwa amenipeleka mwenyewe, na padri wa wakati ule aliandika jina la baba nililomtajia bila kuuliza mwaka. Yeye Bibi hakubatizwa. Mama naye hakubatizwa, ingawa Jumapili nyingi alikuja na kukaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, na misa ikiisha alikuwa wa kwanza kutoka. Ukimuuliza kwa nini hajiandikishi, alijibu kwamba ana kazi.

Nikakua, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikarudi kufundisha kijijini kwetu. Baada ya kozi ya miezi mitatu nikawa pia katekista wa kigango. Cheti changu nilikitundika ukutani ambapo mgeni akiingia hawezi kukikosa. Darasa la ubatizo lilikuwa langu, Jumamosi asubuhi, na nililiendesha kama darasa la hesabu. Swali la kumi na nne: Injili ni nini? Jibu: Injili ni habari njema ya wokovu wetu katika Yesu Kristo. Aliyekosea alirudia mara tatu.

Mwaka wa sita wa ukatekista wangu, Bibi akaja darasani. Alikuwa na miaka themanini na kitu. Alikuja na fimbo yake na kigoda chake, maana mabenchi ya kanisa aliyaita ya kuadhibia watu, akakaa mbele pamoja na vijana wa kidato cha kwanza. Mimi nilifurahi, lakini nilifurahi kwa tahadhari.

Wiki ya tatu akanyoosha fimbo badala ya mkono.

"Mwalimu, hii habari njema yako, mbona unaisemaga kama mtu anasoma tangazo la mnada?"

Vijana wakaangua kicheko.

"Bibi, jibu kwanza swali la kumi na nne."

"Hilo silijui. Lakini nauliza. Zamani mtu akiwa na habari njema anakujaga mbio, hata viatu anasahau. Na anakuja kwa mtu, anamwambia wewe, ng'ombe yako iliyopotea imeonekana. Hii yako inakuja kwa nani?"

Nikajibu inakuja kwa watu wote. Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa dagaa wenye mchanga.

Majibu ya kukariri yalimshinda. Hadithi hazikumshinda. Ile ya mtoza ushuru mfupi aliyepanda mtini ili amwone Yesu akipita, kisha akawarudishia watu mara nne alivyowadhulumu, alinitaka niirudie Jumamosi mbili mfululizo. Haukuwa mti uliomvutia.

"Yesu alimwambia arudishe vya watu?"

"Hapana. Alimwambia tu shuka, leo nakula kwako."

"Hakumwambia arudishe?"

"Hakumwambia."

"Basi alijuaje?"

Nikasema muda umekwisha, tusali.

Ilipofika Kwaresima nikaanza kujaza fomu za wanaotaka kubatizwa Pasaka. Fomu ya Bibi niliichukua nyumbani nikakaa nayo peke yangu. Hali ya ndoa: mjane. Hapo hapakuwa na shida. Watoto: hapo kalamu ikasimama. Nilijua kanuni. Mwanamke aliyeoa mwanamke habatizwi mpaka jambo hilo liwekwe sawa, na kuliweka sawa maana yake ni kulileta mezani mbele ya padri mpya, ambaye si mtu wa Mara. Angeuliza, angeelezwa, halafu angemtazama katekista wake na kuanza kupiga zile hesabu za darasa la sita.

Nikaandika: mmoja, wa kiume, marehemu.

Nilijiambia si uwongo. Kwani watu wenyewe si husema mama aliolewa na mwana wa nyumba? Na asiyekuwepo, si ni kama marehemu tu? Mtu wa kutoka kwingine asingeweza kujidanganya namna hiyo. Inabidi uwe umelelewa ndani ya nyumba ya aina ile ndipo uwe na mwana wa kumzika kwenye karatasi. Nilipiga mhuri wa kigango nikalala vizuri kabisa.

Padri alikuja kwa pikipiki Jumamosi moja asubuhi kuwahoji. Alikuwa kijana, mpole, mwenye kuandika kila kitu. Pembeni yake walikaa wazee wawili wa kigango. Bibi aliingia wa mwisho, kigoda mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Padri akapitia fomu, akainua uso wenye huruma. "Naona hapa mwanao alitangulia mbele ya haki. Pole sana. Kesho kwenye misa nitamtaja tumwombee. Alikuwa anaitwa nani?"

Wale wazee wawili, ambao walikula nyama siku mama yangu alipoletwa, wakaanza kuchunguza sakafu.

"Mwana yupi?" Bibi aliuliza.

Nikakohoa. "Bibi, yule marehemu."

Bibi akanigeukia. Sikuona hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo, nikitoka kisimani na ndoo nusu nikisema kisima kimekauka.

"Padri," alisema, "usiombee mtu hayupo, utamchosha Mungu bure. Mimi sijazaaga. Hata mimba ya kuharibika sijapata. Huyu mjukuu wangu ananioneaga haya, ndiyo maana ameniandikia mtoto."

Kisha akaeleza, taratibu, bila kuruka kitu, yote niliyoyaficha tangu utotoni. Aliyamaliza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Alitaja ng'ombe, rangi zao. Alitaja kwamba mimi ni mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo. Nilisimama pale natamani ardhi inimeze, nikijua wahenga walishasema njia ya mwongo ni fupi, ila hawakusema kwamba bibi yako mwenyewe ndiye atakayekusubiri mwishoni mwake.

Padri hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alifunga kalamu yake akasema, "Bibi, asante kwa ukweli. Lakini siwezi kukubatiza huku mtu mwingine amefungwa kwako. Nataka nimsikie na yeye."

Tukaenda nyumbani, yeye kwa pikipiki akiwa amempakia Bibi, mimi kwa miguu nyuma yao nikila vumbi. Nilipofika, mama alikuwa uani anageuza mtama kwenye turubai, na padri alikuwa ndiyo kwanza anashuka.

"Mama," alimwambia baada ya salamu, "ulipokuja kwenye nyumba hii, ulikuja kwa hiari yako?"

Mama akasimama na reki yake. "Hilo swali," alisema, "ndiyo mara ya kwanza naulizwa."

"Na jibu lake?"

"Padri, nimekaa hapa miaka thelathini na mbili hakuna aliyeuliza. Wewe unataka jibu kabla hujavua helmeti."

Akarudi kwenye mtama wake. Padri akavua helmeti, akasubiri, akaona hakuna kinachokuja, akaaga kwa adabu. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia. Nilizoea kumwona Bibi akishinda kila neno. Siku ile aligeuka akaingia ndani, na ugali wa mchana hakuugusa.

Wiki iliyofuata tulikaa barazani sisi watatu tukichambua pamba, safi huku, chafu kule. Ni kazi ya mikono tu, mdomo unabaki huru, na kwa kawaida Bibi ndiye aliyeongea. Safari hii tulichambua karibu kikapu kizima kwanza. Kisha akamgeukia mama.

"Siku ile nilikuja kwenu Bunda. Nilimuuliza baba yako. Nikamuuliza kaka yako. Ng'ombe niliangalia moja moja, macho mpaka kwato. Wewe ulikuwa umesimama palepale na kikombe cha maji, ukanipa nikanywa. Sikukuuliza."

Mama aliendelea kuchambua.

"Nimekosa. Hii ndiyo nataka kuungama, siyo ile ya kwenye karatasi. Nilikuwaga nasema nilikutoa kwenye njaa. Ni kweli, lakini sikukuuliza. Sasa ukitaka kwenda, nenda. Watoto ni wako, siyo wangu, nitasema mbele ya ukoo. Ng'ombe sidai hata mkia."

Ni lazima msomaji aelewe uzito wa maneno hayo. Bibi alitoa ng'ombe wale ili jina la nyumba yake lisife. Watoto ndio walikuwa nyumba. Kwa sentensi mbili, akiwa ameshika pamba mkononi, alikuwa amerudisha kila kitu alichowahi kukitafuta duniani, na hakuna aliyemwagiza. Padri alitaka aachie mke. Yeye aliachia mpaka wajukuu. Mimi ni mmoja wa vitu vilivyorudishwa siku ile.

Nilimtazama mama nikitegemea machozi. Nilikuwa nimefundisha somo la msamaha mara nyingi, nilijua linavyotakiwa kuishia.

"Mama," alisema mama yangu, "hilo fungu lina majani. Chambua vizuri."

Bibi akainamisha kichwa, akaanza kutoa majani.

Sasa ninaishi Musoma. Nimeolewa na mvuvi wa Kiriba, na kwenye jumuiya yetu, tukikutana nyumba kwa nyumba, bado wananiita mwalimu na kuniomba niwaelezee Injili. Huwa napata kigugumizi. Nafikiria miaka ile sita niliyoifundisha bila hata siku moja kuogopa kwamba ingeweza kuingia nyumbani kwetu. Niliijua kama mtu anavyojua ratiba ya basi asilopanda. Nilidhani ni taarifa kuhusu Mungu na kazi yangu ni kuhakikisha taarifa haikosewi. Bibi, ambaye mpaka mwisho hakuweza kujibu swali la kumi na nne, aliisikia mara chache akajua inamhusu msichana mwenye kikombe cha maji.

Siku chache baada ya ile pamba nilikwenda kumwona padri kuomba msamaha kwa ile fomu. Aliichana, akanipa nyingine bila hotuba. Kwenye nafasi ya watoto Bibi alinitaka niandike hakuna. Kisha akauliza kama kuna nafasi ya wajukuu. Haikuwepo, nikaandika pembeni: watatu. Akauliza kama nimeandika na mimi nimo. Nikamwambia nimo.

Lakini Pasaka ikapita. Padri alisema jambo lenyewe limelegea lakini bado wanakaa nyumba moja, watu wataongea, ngoja kwanza aombe ushauri kwa wakubwa wake. Sikumlaumu. Sijui mimi ningefanyaje. Bibi alisema yeye amezoea kusubiri mvua, sembuse barua. Mama hakuondoka. Kila asubuhi alimpikia Bibi uji, akaupoza, akampa. Alimwogesha magoti yalipomkataa. Alibaki, lakini kubaki si kusamehe, na Bibi alilijua hilo kuliko sisi sote. Mara nyingine nilimwona akifuata mkono wa mama kwa macho, kikombe kinapopokelewa na kuwekwa chini, kama anatafuta kitu. Halafu anasema asante. Zamani hakuwa mtu wa kusema asante kwa uji.

Mwezi wa Julai akashikwa na homa ya mapafu. Tulimpeleka hospitali, akakaa siku nne, akaomba arudishwe kwake, na daktari alitutazama kwa namna iliyotufanya tumrudishe. Siku ya pili yake, Jumatano, nilipanda bodaboda asubuhi hadi Bunda kumfuata padri. Nilimkuta na wageni, nikasubiri, nikaanza kukasirika, nikajikumbusha niko wapi. Aliponiona tu alinyanyuka. Alisema hahitaji tena barua ya mtu, mgonjwa ni mgonjwa. Alikuwa na mazishi mchana ule kijiji cha mbali, lakini kesho asubuhi mapema atakuwa kwetu.

Nilifika nyumbani saa tisa alasiri. Mama alikuwa kitandani, ameegemea ukuta, kichwa cha Bibi mapajani mwake. Khanga ya mama ilikuwa imelowa mbele yote. Chini palikuwa na jagi. Bibi alikuwa anahema kwa shida, macho yamefumbwa.

"Padri anakuja kesho," nilisema.

"Kesho ni mbali," mama alisema. "Saa sita pumzi ilikuwa inakata. Akaniambia, maji. Nikampa kikombe, akakataa, akashika kichwa chake. Nimembatiza."

Mama yangu, ambaye mwenyewe hakuwahi kubatizwa. Kanisa linafundisha kwamba mbele ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa. Nilikuwa nalijua hilo vizuri, lipo kwenye kozi. Na bado lililonitoka mdomoni kwanza lilikuwa la katekista, nalionea aibu mpaka leo.

"Ulisema maneno gani?"

"Yale mnasemeaga watoto. Ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Nilikuwaga nasikia kule nyuma." Alimfuta Bibi maji yaliyobaki kwenye nyusi, polepole, kwa pindo la khanga. "Halafu nikamwambia nimemsamehe. Hilo nimeongeza mwenyewe. Sijui kama kwenye kitabu chenu lipo."

Bibi akafumbua macho. Hakunitazama mimi.

"Lipo, Mama," nilisema.